Kiingereza cha Kupeana Mgongo

Kwetu Kalemie, mji wa kando ya ziwa, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Si ugomvi, ni heshima. Nikimwona mume wa binti yangu anakuja barabarani, mmoja wetu anakata kona. Kama hakuna kona, mimi nageukia ukuta wa mtu na kuanza kuyakagua matofali kana kwamba nataka kuyanunua. Hatuli pamoja, hatupeani mikono, na tukiwa na neno la kuambiana linapita kwa mtu wa tatu. Hata mtoto mchanga anatosha. "Mwambie baba yako ugali umeiva," unamwambia mtoto ambaye hana hata jino moja, na baba anajibu kutoka upande wa pili wa ua, "Mwambie mama, aksanti." Vijana wengine wanaona haya ni mambo ya zamani. Mimi sikuwahi kuyaona mazito, mpaka mwaka ule mkwe wangu na mimi tulipojikuta katika darasa moja la Kiingereza.

Lakini nianze na binti yangu. Alirudi kwangu mwanzoni mwa kiangazi, mtoto mgongoni, begi mkononi, uso umemvimba kwa kulia.

"Mama, nimerudia," alisema, akaketi juu ya mkeka.

Mumewe alikuwa na kazi ya kuhesabu mifuko kwenye depo moja karibu na bandari. Depo ikafungwa, na yeye hakumwambia mke wake. Kila siku aliamka, akaoga, akavaa shati safi, akatoka. Jirani ndiye aliyekuja kumwambia binti yangu kwamba mume wake wanamwona akipita, ila bandarini hayupo. Binti akamuuliza mumewe. Mkwe wangu akanyamaza. Ni mtu wa maneno machache sana. Hata siku ya posa mjomba wake ndiye aliyesema yote, yeye alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Kama iko na fasi yake anaendaka, na haiwezi kutajwa," binti yangu akaniambia, "basi abakie kule kule."

Mimi nilijua mara moja ni mwanamke. Mwanamke huyo nilimpa hata sura: mnene, kucha nyekundu, anacheka ovyo. Nilikuwa naanika ndagala wangu, wale samaki wadogo ambao ng'ambo ya ziwa wanawaita dagaa, na huku nikimtukana yule mwenye kucha nyekundu kimoyomoyo mpaka samaki wakaisha kwenye beseni.

Sasa, mke akirudi kwao, mume ndiye anayemfuata. Na hamfuati peke yake kama mtu anayekwenda kununua chumvi. Anakuja na mkubwa wa ukoo wake, wanaketi, wanasemeshana na wazee wetu, kosa linatafutwa lilipo, na mke anarudishwa kwa adabu. Mkubwa wa mkwe wangu ni huyo mjomba, anayeishi Kirungu, kule juu milimani upande wa Moba. Tukasubiri. Hakuja mjomba, hakuja mkwe. Simu alipiga, lakini binti yangu alizikata. "Simu ni ya kuulizia bei," alisema. "Bibi ya muntu anafuatwa na miguu."

Alisema hivyo kwa kiburi, na kiburi hicho amekitoa kwangu, sikatai. Lakini lango langu lina bawaba inayolia, na kila lilipolia alinyanyua kichwa. Akiona ni mteja wa samaki, alijifanya anarekebisha kofia ya mtoto. Mchana kutwa ilikuwa hivyo, lango na kofia, lango na kofia. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko machozi ya siku ya kwanza. Binti yangu alikuwa bado anampenda mume wake, na mimi nilikuwa naogopa kwamba mume huyo hatakuja tena.

Kiingereza kiliingia hapo katikati, na kwa sababu nyingine kabisa. Kijana wangu wa kwanza anaishi mbali, ng'ambo ya bahari, na ana msichana mdogo ambaye hajui lugha nyingine. Wakinipigia kwa video, mtoto ananiambia maneno mengi, mimi nasema "yesi, yesi", yeye anaona hapa hakuna mtu, anaondoka kwenda kucheza. Basi nilipoona tangazo kwenye mlango wa kanisa letu dogo, kwamba kuna masomo ya Kiingereza kila alasiri katika chumba cha nyuma, nikasema niende. Angalau nitatoka kwenye ua ule uliojaa huzuni.

Siku ya kwanza nilifika nimejifunga kitenge kipya, Biblia mkononi kwa sababu sikuwa na kitabu kingine cha kushika. Nikaingia. Nikamwona mtu ameketi benchi la mbele, amenipa mgongo, nikaijua ile shingo. Mkwe wangu sijawahi kumtazama usoni vizuri, lakini shingo yake naijua kuliko mtu yeyote, maana ndiyo ninayoionaga akishageuka. Shati lilikuwa safi, limepigwa pasi. Kumbe ndiko alikokuwa anakuja! Mwanamke wangu wa kucha nyekundu akafa palepale, hata sikumzika.

Nikageuka kutoka. Mwalimu akanikamata mlangoni.

Mwalimu wetu ni msichana ambaye alikulia kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania. Kiingereza alikipata huko, na Kiswahili chake ni cha huko, laini, kimepakwa mafuta. Mila zetu anazijua kama mtu anavyomjua shangazi aliyemwona kwenye picha tu.

"Mama, karibu, unakwenda wapi? Nafasi ipo pale mbele, pembeni ya yule kaka."

"Ile kaka iko mukwe yangu," nikamnong'oneza.

"Basi vizuri! Mtasaidiana."

Wanafunzi wengine, watu wazima wa hapa hapa, wakashika midomo. Mkwe wangu alikuwa ameshasimama, kichwa amekiinamisha, anatafuta dirisha la kutokea. Ningependa kusema nilimwonea huruma, lakini ukweli ni kwamba damu ilinichemka. Mimi nimelipa, nimeoga, nimeacha samaki wangu juani. Kwa nini nitoke? Na yeye akitoka, nitamwambia nini binti yangu? Kwamba nimemfukuza mume wake hata darasani?

Kwa hiyo nikasema kwa sauti, huku nikiangalia dari, "Mwalimu, mwambie huyo muntu abakie. Mimi nitakaa nyuma yake, na yeye anipe mugongo, na mimi nimupe mugongo."

Na ndivyo tulivyokaa. Yeye alitazama ubao, mimi nilitazama dirisha. Benchi lake na benchi langu yaligusana kwa nyuma. Wenzangu walijifunza Kiingereza kwa macho na masikio, mimi nilijifunza kwa masikio peke yake, nikiwa naangalia ziwa na wanawake wanaofua. Mwalimu alipotaka nione kitu kwenye ubao, alikuja kukiandika kwenye kipande cha katoni na kuniwekea mapajani. Alicheka sana siku zile za mwanzo. Baadaye akazoea, akawa anasema "upande wa ubao" na "upande wa ziwa", kama vile ni shule mbili.

Tulianza na kitendo kinachoendelea sasa hivi. Mwalimu alishika ufagio, akafagia, akasema, "I am sweeping." Ninafagia. Yaani kazi iko mkononi, haijaisha. Nikaona hapo hakuna tabu, maana sisi Kalemie njo vile tunasemaga: niko nafagia, niko nakula, niko nakuja. Hasa "niko nakuja", ambayo mtu anaisema kwenye simu akiwa bado anatafuta soksi.

Tabu ilikuja wakati wa kuigiza. Kila mmoja alitoka mbele, akafanya kitendo, na wengine wakakisema. Mtu mmoja alijifanya anaoga. Mwingine alijilaza sakafuni akakoroma. Zamu yangu ilipofika nikasema kamwe. Mama mtu mzima akoge na kulala mbele ya mkwe wake? Afadhali nife bila Kiingereza. Mwalimu akanibembeleza, tukapatana kwamba nitapepeta mchele bila kusimama, palepale upande wa ziwa. Nikapepeta mchele wa hewa. Mwalimu akamgeukia mkwe wangu, bila ubaya, akamuuliza, "What is she doing?" Huyu mama anafanya nini?

Mkwe wangu akafikiri kidogo. Halafu akajibu, kwa Kiingereza, polepole, kwamba yeye hamwoni.

"Simama, mtazame," mwalimu akasema.

"I am not seeing her," mkwe wangu akarudia, kwa upole lakini kwa msimamo wa jiwe. Simwoni.

Watu walivunjika mbavu. Mwalimu alishika kiuno, hakuelewa mtu anawezaje kutomwona mama mnene wa kitenge cha rangi ya machungwa. Mimi nilielewa. Alikuwa ananiheshimu kwa lugha ambayo haina hata neno la kufanyia hivyo. Hasira yangu ikalegea, na ikabidi nijikumbushe kwamba mtu huyu binti yangu analia kwa ajili yake.

Nilipofika nyumbani nilimweleza binti yangu yote. Nilidhani atafurahi. Hakuna mwanamke, kuna ubao na chaki tu! Yeye akaacha kumnyonyesha mtoto, akanitazama.

"Kingereza?" akasema. "Iko ya kufanya nini?"

"Sijui. Kujifunza."

"Mama, batu ya hapa banajifunza Kingereza juu ya kuondoka. Huyu anataka kwenda. Njo maana hakusema kitu."

Ni kweli. Hapa mjini, mtu akianza Kiingereza, majirani wanaanza kuulizia nani atabaki na kitanda chake. Wengine wanavuka kwenda Kigoma na zaidi, wengine wanashuka na ziwa mpaka Zambia, na kutoka huko hujui. Basi badala ya kumletea binti yangu raha, nilikuwa nimemletea hofu mpya. Usiku ule hakula vizuri, na asubuhi alimvalisha mtoto nguo nzuri bila sababu, akaketi naye karibu na lango.

Mimi ndiye niliyekuwa naketi kila siku mgongo kwa mgongo na mtu mwenye jibu. Nilikuwa nasikia hata anavyomeza mate. Na sikuweza kumuuliza. Mwanamke mwenzangu mmoja pale darasani alinishauri nimwandikie ujumbe kwenye simu. Nikamwambia mama, kidole changu kina haya kama mdomo wangu.

Tukaendelea na sentensi. Mwalimu alisema si lazima sentensi iwe ya kweli, mradi iwe imesimama sawasawa. Hapo nikajiachia. Nilisema kwamba ninampikia gavana mchele. Nilisema kwamba samaki wangu wanapanda ndege. Nilisema kwamba mwalimu anaolewa kesho, na darasa likapiga vigelegele mpaka watu wa kanisani wakaja kuchungulia. Mkwe wangu yeye alisema sentensi fupi fupi, nyoofu. Mvua hainyeshi. Mashua inaingia. Mimi ninasikiliza.

Halafu tukafika kwenye kitendo kilichokuwa kinaendelea wakati uliopita. Mwalimu akashika tena ufagio, akafagia, akamwomba mmoja wetu agonge mlango. Akaacha kufagia. Nilikuwa ninafagia, akatueleza, wakati ulipogonga. Kitu kilikuwa kinakwenda vizuri, kitu kingine kikaja kukikata. Mimi nikaitazama pwani na kumfikiria binti yangu. Alikuwa anapika, alikuwa anaimba, alikuwa anajenga nyumba yake taratibu, jirani akabisha hodi. Nikajiambia kwamba Wazungu nao wameumia, ndiyo sababu wametengeneza njia maalumu ya kulisema jambo hili. Mwalimu akaongeza kwamba inawezekana pia vitu viwili viende kwa pamoja, wewe hapa na mwenzako kule, wala msijuane. Akatupa kazi ya nyumbani, sisi tunaiita deva: semeni watu walikuwa wanafanya nini jana jioni.

Siku iliyofuata tukasoma mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa nimeandaa uongo mtamu kuhusu kiboko aliyekuwa anakunywa chai. Lakini mkwe wangu alitangulia. Nikasikia benchi lake linalia, akasimama. Akakunjua karatasi, nilisikia hata hiyo.

Akasema jana jioni alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa kanisa.

Neno "ukuta" nilikuwa nalijua. Ukuta wa nyuma wa kanisa ndio mpaka wa ua wangu, ingawa mlango wake uko barabara nyingine.

Akasema mama mmoja alikuwa anageuza samaki, na alikuwa anagomba na mteja. Akasema msichana alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni la bluu. Mtoto alikuwa anapiga maji kwa mikono, na msichana alikuwa anafunga macho ili maji yasimwingie. Mimi nilikuwa ninatazama, akasema. Nilikuwa ninatazama, na jua lilikuwa linazama, na mimi sikuwa ninaondoka.

Akaketi.

Beseni langu ni la bluu. Kiboko wangu wa chai aliniponyoka kichwani, sikumwona tena. Jana jioni, wakati mimi nilikuwa nagomba juu ya bei ya ndagala, wakati binti yangu alikuwa anainua kichwa kila lango likilia, huyu mtu alikuwa pale, matofali machache kutoka kwetu. Machozi yakanitoka, nayasema wazi. Nilimshukuru Mungu kwamba mimi ni wa upande wa ziwa na hakuna anayeniona.

Mwalimu, ambaye labda kwa mara ya kwanza alikuwa ameanza kuelewa, akamuuliza kwa Kiingereza kwa sauti ya chini: kwa nini ulikuwa huingii?

Mkwe wangu akasema mjomba wake ni mgonjwa, yuko Kirungu, hawezi bado kushuka ziwani na kupanda mashua. Alikuwa anamsubiri mjomba. Bila mjomba, akasema, kwenye ua ule mimi ni mwizi.

Hapo nikapiga moyo konde. Mila inasema nisimsemeshe mkwe wangu. Haikusema lolote kuhusu kumsemesha mwalimu. Nikainua mkono nikiwa bado nimetazama dirisha, nikasema kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, neno moja huku, lingine kule: Mwalimu, muulize, anakwenda? Anakwenda Zambia? Anaacha watu wake? Anajifunza Kiingereza ili aende wapi?

Mwalimu hakuwa na haja ya kurudia, lakini alirudia, kwa heshima, neno kwa neno. Nadhani siku hiyo alikuwa mtu wetu wa tatu.

Kisha mkwe wangu akajibu, na aliongea maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akiongea. Meli zinakuja kutoka Mpulungu, bandari ya Zambia, akasema, zinaleta sukari na saruji. Makaratasi yake ni ya Kiingereza na manahodha wanaongea Kiingereza. Pale bandarini wanatafuta mtu wa kuhesabu mifuko anayeweza kusemeshana nao. Alikuwa anaona haya kumwambia mke wake kwamba hana kazi; alitaka amwambie akiwa na kazi mpya. "I am not going," akasema. Siendi. Ninajifunza ili nibaki.

Sikungoja kengele. Nilikwenda nyumbani karibu nikikimbia, na mtu wa umri wangu akikimbia Kalemie watu wanadhani kuna msiba. Nikamweleza binti yangu yote, ukuta, beseni, mjomba, sukari ya Mpulungu. Nilikuwa natweta. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nikaona midomo yake inataka kutabasamu, akaikataza.

"Mama, ile njo maneno ya klasi."

"Namna gani maneno ya klasi?"

"Si ulisema mwalimu hajali ikiwa ya kweli? Wewe mwenyewe juzi ulikuwa unapikia guvernere muchele. Yeye alijua uko nyuma yake unasikia. Amesema vizuri juu ya kukupendeza."

Mchele wa gavana ulikuwa umenirudia usoni. Na nilimwelewa. Alikuwa ametumaini mara nyingi mno kwenye lile lango, hakutaka kutumainia tena karatasi iliyosomwa na mama yake aliyegeuka dirishani. Alitaka mtu mwenyewe, na sauti yake.

Jioni ya siku iliyofuata, Jumamosi, hatukuwa na masomo. Nilikuwa nimeanika samaki wangu kwenye turubai karibu kabisa na ukuta wa kanisa. Binti yangu alileta beseni, akamvua mtoto, akaanza kumwogesha. Niliuangalia ule ukuta kwa jicho la pembeni. Sikuona mtu, na hata kama yupo sikutakiwa kumwona. Nikatega sikio. Mjusi, labda. Upepo kwenye majani makavu. Nikaanza kufikiri kwamba binti yangu amesema kweli na mimi nimezeeka vibaya.

Na mjomba je? Nilijua wazee wangenisema nikimfungulia mkwe lango bila yeye. Lakini mimi ni mjane, ua ni wangu, na mjomba akipona tutakaa na kutengeneza kila kitu. Na kweli alipona, akaja baada ya mvua za kwanza, tukatengeneza kila kitu. Siku ile, hata hivyo, hakuna aliyekuwepo wa kunipa ruhusa. Nikasimama, nikashika kiuno, nikawageukia samaki, nikapaza sauti kama mtu anayeuza.

Kwa Kiingereza nikasema kwamba binti yangu anamwogesha mtoto.

"Mama?" binti yangu akasema.

Nikasema kwamba binti yangu anasubiri. Nikarudia hiyo mara ya pili, maana ndiyo iliyokuwa ya muhimu. Anasubiri, hasemi, lakini anasubiri.

"Mama, uko nasemea nani?"

"Niko nasemea ndagala. Ni deva ya mwalimu."

Nikaendelea. Nikasema kwamba mama anafunga kitenge chake. Mama anakwenda sokoni. Mama harudi upesi. Lango, mama analiacha wazi. Kilikuwa Kiingereza kibovu, mwalimu angelia. Lakini kila neno nililotamka nilikuwa nalifanya huku nikilitamka: nilifunga kitenge, nilivaa kandambili, nilisogea.

Hapo tukasikia kikohozi kutoka nyuma ya ukuta. Si cha ugonjwa. Ni kile cha mtu mzima anayefika kwenye nyumba ya watu na kutaka wajue kwamba yupo.

Binti yangu alikijua. Mkono wake ukasimama hewani na kitambaa kinachuruzika maji. Akamtazama mtoto, akautazama ukuta, akanitazama mimi, na uso wake ukawa ule aliokuwa nao siku ya harusi kabla hatujamwambia asicheke. Nilipita mlango wa nyuma, ule wa upande wa jirani, ili mimi na mwenye kukohoa tusikutane.

Sokoni sikuwa na jambo la kufanya. Nilishikashika nyanya ambazo sikutaka. Nilimwuliza muuza chumvi habari za watoto wake wote, mmoja mmoja, mpaka akanitazama vibaya. Nilijiuliza kama binti yangu amefungua mdomo, au kile kiburi alichokitoa kwangu kimemzuia. Nilijiuliza kama yule bubu amepata neno. Jua lilipoanza kuzama nikarudi, polepole, nikikokota kandambili ili nisikike mbali.

Lango lilikuwa wazi. Beseni lilikuwa palepale, maji yamepoa. Na juu ya turubai langu walikuwa bata wa jirani, wazazi na vifaranga, wanakula ndagala wangu kwa raha zote, na hakuna mtu wa kuwafukuza. Kutoka ndani nilisikia sauti ya mkwe wangu. Alikuwa anaongea, anaongea, anaongea, kwa Kiswahili, wala hapumziki. Kisha nikasikia binti yangu anacheka.

Jirani zangu wote wanajua ninavyowatupia bata mawe. Nikaokota jiwe, nikalishika. Nikaketi juu ya ndoo, mgongo kwa mlango, nikawaacha wamalize.